Pale pinki inapokutana na kijani

Sikununua uzi wa kahawia. Naanza na hilo kwa sababu ile jioni nilipofuma kama sentimita 20 hivi za tartani yangu ya kwanza, kile kitambaa cha miraba cha Waskoti, nikashuka kwenye benchi nikarudi hatua tatu nyuma niiangalie vizuri, nilichokiona pale kwenye mtambo kilikuwa kitambaa cha kahawia, yani kahawia ile ya maji ya mtaro, na kwenye kapu langu kulikuwa na koni mbili tu za uzi, moja pinki inayowaka kabisa na nyingine kijani cha mchicha. Sasa hiyo kahawia imetoka wapi? Nikasogea nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa nyuzi, pinki ipo, kijani kipo, vyote vinang'aa kama nilivyovinunua. Nikarudi nyuma tena. Tope.

Nilikaa na hiyo kitu moyoni wiki nzima. Wiki mbili nilikuwa nachora, nahesabu, nafuta, nachora tena, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nimepata mchanganyiko wa rangi ambao sijawahi kuuona kwenye duka lolote la kilti, ile sketi ya marinda wanayovaa wanaume hapa Uskoti. Na kweli sikuwahi kuuona, ila sababu sikuijua bado.

Niseme kidogo nilivyofika hapo. Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Dundee, mchana nafanya kazi ya kuhudumia wazee na jioni mbili za wiki naenda kwenye karakana moja ya jumuiya ambako kuna mitambo ya kufumia kwa mkono, ile ya fremu 4 na kanyagio za miguu. Nilianza baada ya kwenda kwenye maonyesho makubwa ya tartani yaliyofanyika kwenye jumba la makumbusho la V&A Dundee mwaka 2023. Niliingia siku ya kwanza kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, nikarudi tena mara tatu kwa makusudi. Mule ndani walikuwa wameweka kipande kimoja kidogo, kama sentimita 55 kwa 43, kilichokutwa kwenye udongo wa kinamasi huko bonde la Glen Affric miaka ya 80 mwanzoni, wakakipima na kukuta ni cha kati ya mwaka 1500 na 1600 hivi, ndo tartani halisi ya zamani kuliko zote zilizopatikana Uskoti mpaka sasa. Kimechakaa, rangi zimekunywa udongo wa miaka mia nne na ushee, lakini bado unaona kijani kilipokuwa, unaona kahawia, na wapimaji wanasema yawezekana palikuwa na nyekundu na manjano pia. Nilisimama mbele ya hicho kipande nikawaza kuna mtu alikaa akaamua, hapa kijani, hapa nyekundu, nyuzi ngapi. Mtu mmoja na mikono yake miwili. Nikataka na mimi niamue.

Najua mtu wa kwetu akiiona tartani anasema hiyo si shuka la Kimasai? Naelewa kabisa kwa nini, maana kanuni ni ileile ya mistari inayopishana. Na shuka ni mahali pazuri pa kuanzia kuelewa ninachotaka kusema, kwa hiyo kama unalo hapo nyumbani lichukue. Tafuta mahali mstari wa bluu unapokatiza mstari mwekundu. Ile rangi iliyopo pale kwenye makutano, ile isiyo bluu wala nyekundu, inayoelekea zambarau ya giza, hiyo hakuna aliyeipaka. Imezaliwa yenyewe kwa sababu uzi mmoja umepita juu ya mwingine.

Sasa tartani yote ni hiyo. Una mtande, zile nyuzi zinazotangulia kutandwa kwenye mtambo kwa urefu, halafu una mshindio, uzi unaopita kwa upana, na kwenye tartani mpangilio wa rangi wa mtande ndo huohuo unaorudiwa kwenye mshindio, kwa hiyo kila rangi lazima ikutane na kila rangi. Hapo ndo penyewe. Huwezi kusema pinki na kijani nitavitenganisha, nitaweka nyeusi katikati visionane. Vitaonana. Hata ukiviweka ncha mbili tofauti za mpango wako, mahali fulani kwenye kitambaa mstari wa pinki unaoshuka utakatiza mstari wa kijani unaolala. Ukiwa na rangi 2 unapata sura 3 za rangi, ukiwa na 3 unapata 6, ukiwa na 4 unapata 10, ukiwa na 6 unafika 21. Unanunua koni 4 za uzi na unapewa rangi 6 za ziada ambazo hukuziomba.

Na namna ya kufuma nayo inachangia. Tartani inafumwa kwa mshazari, uzi wa mshindio unaruka nyuzi 2 za mtande, unapita chini ya 2, mstari unaofuata unasogea hatua moja, ndo maana ukiangalia kwa karibu unaona vimistari vidogo vya mshazari. Kwenye mtambo wa fremu 4 unakanyaga 1 na 2, kisha 2 na 3, kisha 3 na 4, kisha 4 na 1, unarudia, miguu ikishazoea unaweza kufuma huku unaongea na jirani yako. Pale rangi moja inapojikuta yenyewe unapata mraba mzito usio na doa. Pale rangi mbili zinapokutana unapata vimistari, nusu hii nusu ile, na jicho likishasogea mbali halivihesabu tena vile vimistari, linavichanganya.

Hesabu nilikuja kuifanya baadaye, kwenye basi, nyuma ya risiti ya duka. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa nyuzi 24 za pinki, 24 za kijani, basi, sawa kwa sawa. Ukiwa na rangi mbili zilizogawana nusu kwa nusu, robo ya kitambaa inakuwa pinki tupu, robo inakuwa kijani tupu, na nusu nzima inayobaki ni makutano. Nusu nzima! Yani rangi kubwa kuliko zote kwenye tartani yangu ilikuwa ile ambayo sikuichagua. Lakini ukishusha pinki iwe sehemu 1 kati ya 8, makutano yanashuka mpaka chini ya robo, na kijani tupu kinachukua zaidi ya robo tatu, kitambaa kinakuwa cha kijani chenye mistari ya pinki. Rangi zilezile, uzi uleule, kitambaa kingine kabisa. Hicho kitu hakuna aliyeniambia, na ningependa mtu yeyote anayeanza aambiwe siku ya kwanza: ukitaka kutumia rangi za ajabu, ugomvi wako uko kwenye kiasi.

Na kwa nini kahawia? Hapa niliingia kusoma mpaka usiku wa manane, na mmoja wa watu niliokutana nao ni James Clerk Maxwell, mzaliwa wa Edinburgh, ambaye mwaka 1861 alionyesha London ile picha inayohesabiwa kuwa picha ya kwanza ya rangi duniani. Na unajua alipiga picha ya nini? Utepe wa tartani. Alipigiwa picha tatu za utepe uleule, moja kupitia kichujio chekundu, moja cha kijani, moja cha bluu, halafu zikarushwa ukutani kwa taa tatu zikilaliana na utepe ukatokea na rangi zake. Kwenye mwanga namna hiyo, nyekundu ikilalia kijani unapata manjano, taa mbili zimejumlishwa. Kwenye uzi hakuna taa zinazojumlishwa, kila uzi umeshika nusu tu ya nafasi, kwa hiyo jicho linapokea manjano iliyopungukiwa nuru, na manjano iliyopungukiwa nuru ndo sisi tunaiita kahawia. Chukua pinki badala ya nyekundu unapata kitu chepesi zaidi, kijivu-kahawia, cha vumbi. Nilipoelewa hivo nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kudhani uzi wenyewe mbovu.

Miaka 20 na zaidi kabla ya Maxwell, huko Paris kulikuwa na mkemia anaitwa Michel Eugène Chevreul, msimamizi wa rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Watu walikuwa wanalalamika nyuzi nyeusi za kiwanda zimefifia, yeye akazipima akakuta nyeusi ni nyeusi, tatizo ni majirani zake, rangi zilizokaa kando yake ndo zinamdanganya mtazamaji. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Mimi nikisoma hayo nikakumbuka kijani changu, kikiwa kwenye koni kilikuwa kijani cha mchicha uliotoka kuoshwa, kikakaa kando ya pinki kikawaka kama taa ya gari. Kando kwa kando zinachocheana, zikipishana zinauana. Ndani ya tartani moja yanatokea yote mawili, sentimita mbili tu kutoka hapa hadi pale.

Watu wengi wanadhani rangi za ajabu kwenye tartani ni mambo ya siku hizi, ya wabunifu wa mitindo. Hapana. Kuna ile ya ukoo wa MacLeod wa Lewis, manjano kali uwanja mzima, mikanda minene nyeusi, na kamstari kembamba kekundu, mpaka Waskoti wenyewe wameipa jina la utani la MacLeod ya makelele. Sir Thomas Dick Lauder alimwandikia mwandishi wa riwaya Walter Scott habari zake mwaka 1829, na mwaka 1842 ikatoka kwenye kitabu cha wale ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart, kitabu ambacho baadaye kilikuja kuonekana ni cha kughushi, lakini tartani zake watu walikuwa wameshazipenda na wanazivaa mpaka leo. Mimi naiheshimu sana hiyo MacLeod. Iangalie vizuri: ukiacha nyeupe, manjano ndo rangi yenye mwanga mwingi kuliko zote na nyeusi ndo yenye giza kuliko zote, kwa hiyo hata zikikutana haziwi tope, zinatoa kitu kinachoelekea kijani cha zeituni, kina uzito, kinakaa katikati kwa heshima. Aliyeipanga, awe mghushi awe nani, alikuwa anajua anachokifanya.

Halafu kuna ya Balmoral, aliyoibuni Prince Albert mume wa Malkia Victoria mwaka 1853, ya kijivu, na kile kijivu hakikutiwa rangi ya kijivu hata kidogo, ni uzi mweusi na uzi mweupe vimesokotwa pamoja ili kitambaa kifanane na mawe ya matale ya upande ule wa Aberdeenshire. Ona akili hiyo! Mchanganyiko ameuanzia ndani ya uzi kabla hata mtambo haujaguswa. Hiyo kuivaa ni familia ya kifalme, sisi wengine tunaisoma tu, lakini wazo lake mtu yeyote anaweza kulichukua, na mimi nimelichukua, nitaeleza siku nyingine.

Na ukirudi nyuma zaidi unakuta hizi sheria za rangi ya ukoo fulani ni hii na si ile hazikuwepo kabisa. Kuna mchoro wa mchoraji David Morier wa vita vya Culloden, pale jeshi la serikali lilipowashinda waasi wa milimani Uskoti, ukiuangalia wale wanaume wa milimani kila mmoja kavaa tartani zake, koti hivi, kilti vile, soksi vingine, hakuna aliyefanana na mwenzake. Baada ya vita hivyo sheria ya 1746 ikapiga marufuku mavazi yale, ikafutwa 1782, na kufikia 1822 mfalme George IV alipokuja Edinburgh kila mkubwa anatafuta tartani ya ukoo wake haraka haraka, na wafumaji kama Wilson wa Bannockburn, ambao kitabu chao cha vipimo cha 1819 ndo hazina ya watafiti mpaka leo, wakafanya biashara kwelikweli. Nasema haya kwa sababu kuna mtu aliniuliza kwa ukali kidogo kama nina haki ya kuchezea tartani. Nilimjibu kwa utulivu na nitamjibu hivohivo tena, kwamba sijagusa ya ukoo wa mtu, natunga yangu, na kutunga ndo kazi ambayo tartani imekuwa ikifanyiwa tangu mwanzo.

Turudi kwenye tope langu.

Mama mmoja pale karakana, mfumaji wa miaka mingi, alinifundisha kitu kimoja rahisi ambacho kimenisaidia kuliko vitabu vyote. Akachukua simu yangu, akapiga picha kitambaa changu, akaigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Ikawa kijivu kitupu. Miraba yote ilipotea! Pinki na kijani changu vilikuwa na mwanga sawasawa kabisa, jicho halina pa kushika, na rangi zenye mwanga sawa zikipishana zinayeyukiana zinakuwa uji. Kama moja ingekuwa nzito na nyingine nyepesi, vile vimistari vya mshazari vingeonekana kama chenga na kitambaa kingebaki hai. Siku hizi kabla sijatanda uzi wowote napanga koni mezani, napiga picha, naondoa rangi, naangalia. Na kwenye kompyuta pia, zile programu za kuchorea tartani ni nzuri ila skrini inakuza, unaona pinki na kijani vimekaa kando kwa kando vimependeza, hujui kwamba umesogezwa karibu kama mtu aliyelalia kitambaa. Punguza mchoro mpaka uwe mdogo kama stempu ya barua ndo utaona watu watakachokiona barabarani.

Nilikuwa nimeshakata shauri la kufumua kila kitu. Jumapili nikampigia shangazi yangu Tanga, ameuza kanga miaka na miaka, jicho lake kwenye rangi nalitegemea tangu utoto.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Baridi huko inasemaje?"

Tukaongea ya nyumbani, nani anaumwa nani kaolewa, alafu nikageuza kamera nikamwonyesha kile kipande. Akanyamaza kidogo. Akaniambia nisogee dirishani kwenye mwanga.

"Hiyo maji ya kunde umeipata vizuri," akasema.

"Siyo maji ya kunde shangazi, ni pinki na kijani, imeharibika."

"Imeharibika nini? Hiyo ni maji ya kunde, mimi naiona kwa macho yangu. Ila umeimwaga kila mahali, haina pa kupumzikia. Pindo iko wapi? Mji uko wapi?"

Msomaji wa pwani ameshaelewa. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, ina jina. Ile pindo ndo inayoufanya mji uonekane mji. Mimi nimekua naziona kanga kila siku ya maisha yangu, nimefunikwa nazo, nimebebwa nazo mgongoni, na kwenye tartani yangu sikuweka pindo.

Na maji ya kunde. Kwetu unamsikia mtu anaelezwa, ni mrefu, mwembamba, maji ya kunde, na kila mtu anajua ni rangi gani ya ngozi, kahawia ya utulivu ile. Nilikaa kitandani na simu mkononi baada ya kuagana naye nikiwaza hilo neno. Rangi zetu za Kiswahili karibu zote zimetoka kwenye kitu, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, chungwa ni chungwa, damu ya mzee mwenyewe unajua. Upande wa pili, wafumaji wa tartani wanaandika rangi kwa herufi, B ni bluu, K ni nyeusi kwa kuwa B imeshachukuliwa, N ni kijivu, T ni kahawia, halafu idadi ya nyuzi, na kivuli hasa cha hiyo rangi wanamwachia mfumaji. Ndo maana tartani ileile ya ukoo mmoja utaikuta dukani ina rangi nzito wanazoita za kisasa, ina nyepesi wanazoita za kale, ina zilizofifia kama zimenyeshewa miaka mingi, na zote zinahesabika ni tartani hiyohiyo moja. Napenda mpango huo, una busara yake. Lakini kwenye daftari langu mimi naandika kwa majina ya nyumbani, kwa sababu nikiandika "kijani cha mchicha" najua nataka kijani gani na nikiandika G sijui.

Sikufumua tena. Nilikikata kile kipande nikakibandika ukutani juu ya meza, nikaanza upya, safari hii nikijua kwamba yale makutano ndo mji wenyewe, na kazi yangu ni kuyawekea pindo.

Nikahitaji rangi ya giza. Nyeusi nilijaribu, ikawa kali mno, pinki ikaonekana kama tangazo la simu. Bluu ya usiku ikavuta kijani upande wake, pinki ikabaki mkiwa. Damu ya mzee ndo iliyokubali, kwa sababu ina wekundu ndani yake unaoisemesha pinki, na ina giza la kutosha kukizuia kijani, na ikipishana na kijani inatoa weusi-weusi wa ugoro ambao unakaa nyuma hausumbui mtu. Alafu nikaongeza nyuzi 2 za manjano. Mbili tu. Nilizunguka sana hapo, nikaweka 4, nikaweka 6, zilikuwa zinageuka mistari yenye kiburi, nikarudi kwenye 2, ambazo ukiwa mbali huzioni kabisa ila ukiziondoa unajua kuna kitu kimekosekana.

Mpango ukawa hivi: kijani cha mchicha 40, damu ya mzee 12, pinki 10, damu ya mzee 12, manjano 2, kisha unageuka unarudi ulikotoka, damu ya mzee 12, pinki 10, damu ya mzee 12, mpaka kijani tena. Tartani nyingi zinasomeka hivo, kwenda na kurudi kama kioo, ingawa zipo zisizogeuka, ya Buchanan mfano mmoja. Ukihesabu mzunguko mzima ni nyuzi 110. Kwa skafu nikatanda mizunguko miwili, nyuzi 220, nikianza na nusu ya kijani na kumaliza na nusu ya kijani ili kingo zote mbili zifanane, kwa nyuzi 20 kila inchi ni upana wa inchi 11. Pinki kukutana na kijani ni kama sehemu 1 kati ya 8 ya kitambaa chote sasa, badala ya nusu. Na kila mahali inapotokea imepakana na giza la damu ya mzee.

Nakumbuka ule mraba wa kwanza ulivyojitokeza. Nilikuwa nimeshafuma kijani, nimefuma pindo, nikabadilisha shatoli, kile kinachobeba uzi wa mshindio, nikaweka ya pinki, mshindio wa kwanza, wa pili, hauoni kitu bado, wa sita, wa saba, nikafika wa kumi nikapiga chanuo kuubana, nikashuka kwenye benchi. Nikarudi nyuma hatua tatu zilezile. Pale katikati ya kijani, mistatili miyembamba ya maji ya kunde, inapumua, imetulia, na pale pinki inapokutana na pinki kuna vimraba vidogo vinawaka kama makaa. Mama wa karakana akaja akasimama kando yangu. Hakusema neno, akachukua simu yake akapiga picha, akaifanya nyeusi na nyeupe, akanionyesha, miraba ipo yote.

Bado kuna maswali. Skafu inaonekana yote imenyooka, kilti hainyooki, kilti inakunjwa marinda nyuma na fundi anachagua, ama akunje mpango wote uendelee kuonekana kama kitambaa kisichokunjwa, ama akunje ili mstari mmoja ndo utokeze kwenye kila rinda. Fikiria akichagua zile nyuzi 2 za manjano zitokeze katikati ya kila rinda, nyuma kote inakuwa damu ya mzee yenye uzi wa dhahabu, na mvaaji akitembea marinda yanafunguka ndo kijani na maji ya kunde vinachungulia. Natamani kuiona hiyo. Kitambaa cha kilti ya kutosha ni kama yadi 8, kwa mtambo wangu wa mkono na jioni mbili za wiki ni kazi ndefu, nitapeleka kwa mfumaji mwenye mashine uwezo ukiruhusu.

Na kuna kuisajili. Uskoti wana rejista rasmi ya tartani, sheria yake ni ya 2008 na ilifunguliwa Februari 2009, iko chini ya ofisi ya kumbukumbu za taifa Edinburgh, mtu yeyote anaweza kuingia kwenye tovuti yao kutafuta na mtu yeyote wa popote anaweza kuomba, mradi mpango wake uwe unaweza kufumwa kweli na usiwe umefanana na uliokwishasajiliwa. Kubadilisha kivuli cha rangi tu haitoshi. Na jina lazima liwe ambalo halijachukuliwa, na uweze kueleza unahusikaje nalo.

Shangazi ndo alilileta hilo la jina kabla hata sijamwambia habari za rejista. Nilimpigia tena juzi kumwonyesha skafu imeshuka kwenye mtambo, nimeiosha kwa maji ya vuguvugu ili sufu ijishike, imekauka. Akaitaka karibu, mbali, karibu tena. Akauliza ile njano umeweka nyuzi ngapi, nikamwambia mbili, akasema sawa usiongeze.

"Na jina? Umeiandika jina gani?"

"Maji ya Kunde, shangazi."

"Haya. Ila hayo matamvua mafupi, mwanangu. Yaache marefu, uyasokote manne manne."

Nimeshafunga kingo za hii, matamvua yake yatabaki hivohivo. Ya kwake natanda Jumanne, na nimemwachia inchi 6 kila upande.